Baba akiona kamera anaanza kuhutubia. Filamu yake niifanyeje?

Binti_wa_Zamu:
Wakuu, naomba ushauri kwa waliowahi kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu wazazi wao.

Baba yangu alisomea ualimu. Alipohamia ughaibuni vyeti vyake havikutambuliwa, akafanya usafi wa shule, zamu ya usiku, miaka 22. Ada zetu zote zilitoka huko. Ninalo sanduku la stakabadhi za pesa alizotuma, kazipanga mwaka kwa mwaka na kuzifunga kwa mpira, pamoja na kaseti 14 alizorekodi sauti yake na kututumia enzi ambazo simu ilikuwa ghali.

Nimemhoji mara tatu. Nikiwasha kamera anakaa wima, anaweka kola sawa, anaanza: "Nilijituma, Mungu akasaidia." Nikizima ndipo anazungumza. Juzi kaniambia kwamba kule shuleni alikuwa akikuta hesabu zimeachwa ubaoni, na penye kosa alilisahihisha kwanza ndipo afute. Nilishindwa hata kuinua kichwa. Akaongeza: "Hilo usiliweke. Usinifanye mtu wa kuhurumiwa."

Sasa nina dakika 28 zinazosikika kama wasifu wa marehemu, na baba yu hai. Nimekosea wapi?

Sauti_Kwanza:
Pole dada, na hongera kwa kuanza. Weka kamera kando kwa muda, rekodi sauti peke yake. Kimaikrofoni cha kubana kwenye nguo, kama shibiri moja chini ya kidevu, baada ya dakika kumi atakuwa amekisahau. Mpe mikono yake kazi. Mwache afungue hizo stakabadhi mwenyewe.

Na maswali yako yawe madogo. Ukimuuliza "ulijisikiaje?" utapata hotuba. Chukua stakabadhi moja, muulize: "Siku hii, ulipotoka kutuma, ulibaki na nini mfukoni?" Akinyamaza, usimsaidie. Kabla hujafunga vifaa, rekodi ukimya wa chumba dakika nzima; utauhitaji kuunganishia sauti wakati wa kuhariri.

La ubaoni usiliingize kwa siri. Mwahidi kwamba yeye atakuwa mtu wa kwanza kuiona filamu, na akisema kitu kitoke, kitatoka. Wazee wengi hufunguka wakijua mlango wa kutokea upo.

Fundi_Kanda:
Mimi nimeshtuka kusikia kaseti 14. Usicheze hata moja kabla ya kuvunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, kinyume na upande unaoonyesha utepe; vikishavunjika huwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Zungusha utepe hadi mwisho na urudi mwanzo ili ulegee, safisha kichwa cha redio (kile kichuma kinachosoma utepe), kisha hamisha sauti kwenye faili isiyobanwa, kama WAV. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Na sikiliza pande zote mbili, dada. Watu husahau upande wa pili.

Mkasi_Mkononi:
Nimesoma mara mbili. Umeandika "kututumia". Ninyi ni akina nani? Baba aliondoka, sawa, lakini yupo aliyebaki akivaa viatu vyake. Nani alikuwa anaiweka kaseti kwenye redio?

Naona hapo ndipo wasifu wako unapokwamia, una upande mmoja tu wa deni. Muda usikutishe. Tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwishoni, kwa hiyo nafasi ya huyo mtu unayo.

Binti_wa_Zamu:
Swali la Mkasi limeninyima usingizi. Aliyekuwa anaweka kaseti ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa na miaka 13. Sijamhoji hata mara moja, na sijui kwa nini haikunijia.

Nimemsikiliza Fundi, nikageuza kaseti. Kaseti ya sita, upande wa pili, kuna jibu letu ambalo halikuwahi kutumwa. Kaka anasema: "Baba, sisi sote wazima." Nyuma yake mama anakohoa, kile kikohozi cha mwaka ule. Kitufe kinabofywa, *tak*. Kisha anaanza upya, sauti ileile, maneno yaleyale, safari hii bila kikohozi. Hakurudisha utepe nyuma, ndiyo maana zote mbili zimebaki.

Kwa hiyo naye alikuwa anazima, kama baba anavyonisubiri nizime kamera.

Nimempigia. Alikaa kimya muda mrefu, nami sikumsaidia. Amekubali tukae watatu, redio katikati, baba asikie. Ana sharti moja tu: kitufe atabonyeza yeye.

Tunarekodi Jumamosi. Sauti tu.