Makala yangu kaibeba nzima nzima, kisha mbele ya watu aniambia "Asante dada, endelea kujifunza"!!!

BintiKisauni

Leo sina salamu. Nina hasira mpaka simu yaniteleza mkononi.

Kuna bwana mmoja, nyote mwamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa picha ya mikono iliyokunjwa na skrini tatu nyuma yake, hata moja haijawashwa. Yule atoaye makala tatu kabla ya chai ya asubuhi na tano kabla ya adhuhuri, leo Python, kesho Rust, kesho kutwa usalama wa mabenki. Huyo huyo. Kaichukua makala yangu ya kuunganisha M-Pesa ya Safaricom na programu, kaibandika kwa jina lake, tena katika jumuiya ile ile niliyoichapisha mimi! Nikamwandikia pale chini kwa adabu zote nilizolelewa nazo, na kiungo cha makala yangu nikamwekea. Mwajua alinijibu nini?

"Asante dada kwa kusoma. Endelea kujifunza, utafika."

Utafika! Huyu ni mtu aliyekupora kanga mwilini kisha akuuliza mbona watembea hujajisitiri.

Nisikilizeni. Mamangu auza mahamri na mbaazi. Wateja wakimchezea, mtu amwonyesha meseji ya malipo ya juzi aenda zake. Nikamtengenezea mfumo: mteja ataja namba yake, simu yake yaomba PIN, pesa ikiingia mama aona namba na kiasi. Nikaandika makala kwa sababu kuna jambo lilinitesa na sikulipata popote kwa Kiswahili. Mfano unaozungushwa kila mahali ni wa Paybill, namba ya malipo yenye akaunti, ile 174379 ya majaribio. Mwenye Till, namba ya kulipia dukani, akiufuata vile ulivyo hafiki popote. Kwa Till, katika ombi liendalo Safaricom, TransactionType yataka kuwa CustomerBuyGoodsOnline, namba ya Till yakaa kwenye PartyB, na BusinessShortCode ni namba ya store. Store, si Till! Mstari mmoja huo niliulilia mpaka adhana ya alfajiri.

Nikaeleza nywila inavyoundwa: namba ya biashara, passkey (ufunguo wa siri wa biashara) na muda vyaunganishwa, vyageuzwa base64, yaani maandishi ya herufi za kawaida, na muda ule ule ndio uende kwenye ombi. Nikaeleza mteja akikataa kulipa, jibu la Safaricom laja na ResultCode 1032 na CallbackMetadata, yaani maelezo ya malipo, haiji kabisa, kwa hivyo msimbo unaoitafuta kwa pupa utaanguka. Nikaeleza jibu moja laweza kufika mara mbili, basi CheckoutRequestID, alama ya ombi hilo, iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, mama asije akamhesabia mtu malipo mawili kwa mahamri yale yale. Kila kitu nilikijaribu kwanza, ndipo nikaandika.

Kaibeba yote. Na mwataka ushahidi? Kwenye AccountReference niliandika MAMAZUHURA. Kaiacha vivyo hivyo! Na juu yake kaandika, "katika mradi niliomjengea mteja wangu mmoja mkubwa wa kimataifa". Mteja wa kimataifa yuko Kisauni yuakanda unga! Zuhura ndiye mimi. Jina langu kalifuta juu ya makala, ndani ya msimbo likamshinda. Hata maelezo niliyojiwekea mwenyewe, "hapa usiguse, mama ameshakasirika", yapo pale pale. Mama yake nani aliyekasirika?

Kisha aniambia mimi niendelee kujifunza.

Kitu alichokigusa kwa mkono wake ni sehemu ya muda tu, kaigeuzageuza ionekane yake. Na wasimamizi wameipachika juu, "makala ya wiki". Nimewaandikia, wakanijibu "tafadhali mmalizane wenyewe kwa amani". Tumalizane nini? Mimi sikugombana na mtu, mimi nimeibiwa!

Pesa sitaki. Nataka jina langu pale juu, na lile jibu alifute. "Asante dada." Watu wazima wamelipigia laiki! Wamelisoma, wakaona mwalimu mpole amtuliza mwanafunzi!

Mkuu_wa_Seva

Dah, pole sana dada. Huyo jamaa wote tunamfahamu. Aliwahi kutoa makala ya kuhamisha hifadhidata, akasahau kufuta "kama nilivyoeleza kwenye makala yangu iliyopita", ukibonyeza kiungo kinakupeleka kwa mtu mwingine kabisa.

ChapaKazi

Uzi mrefu mno. Kwa kifupi, kaiba au hajaiba?

BintiKisauni

Kaiba! Na kanambia endelea kujifunza!

SinaKaziNinaBando

Mimi nimekwama kwenye mahamri. Hizo mbaazi ni za nazi?

Wakili_wa_Terminali

Nimepita GitHub kwako, ulikoweka msimbo, nimekuta leseni huria ya MIT. Ukishaweka MIT umewaruhusu watu wanakili. Mambo mengine ni hasira tu, dada.

FundiNyaya

Wakili, hiyo leseni umeisoma au umeisikia? MIT inaruhusu kunakili msimbo kwa sharti moja, tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki humo humo. Yeye kayatoa. Na makala si msimbo, yale maelezo hayakuwekwa chini ya MIT. Dada, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda maandishi na programu za kompyuta, na huhitaji kusajili kwanza ndipo kazi iwe yako. Marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu wa kumpa mtoa huduma notisi aondoe kilichoibwa. Waandikie wanaohifadhi hiyo tovuti. Achana na hao wa "mmalizane".

Wakili_wa_Terminali

Notisi inataka uonyeshe nani alitangulia. Ataonyesha nini?

BintiKisauni

Historia yangu ya git, kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, iko wazi, kila mtu aiona.

Wakili_wa_Terminali

Tarehe ya git kila mtu anajiwekea anayoitaka. Weka GIT_COMMITTER_DATE, jiandikie hata 2005 uonekane ulianza pamoja na Linus aliyeiunda git.

FundiNyaya

Ndiyo maana kuna Wayback Machine, ghala la nakala za kurasa za mtandao. Ule ukurasa ukiwa umehifadhiwa kule, tarehe yake haiko mikononi mwa mwandishi. Dada, kahifadhi na ya kwake leo leo kabla hajashtuka akaondoa jina la mama.

BintiKisauni

Nishahifadhi, na picha nimepiga, pamoja na lile jibu lake. Ila mimi sioni haja ya tarehe. Mamangu yumo ndani ya msimbo wake! Atamweleza vipi mamangu?

MjombaBaiti

Kosa ni kutoweka canonical. Mimi zangu zote zina canonical, sijawahi kuibiwa.

FundiNyaya

Mjomba, canonical ni ya wewe mwenye kazi ukichapisha makala moja sehemu mbili, inaieleza Google ipi ndiyo ya asili. Mwizi akibandika kwake haiweki. Wewe hujaibiwa kwa sababu nyingine.

Mkuu_wa_Seva

😂😂😂 Mjomba ameambiwa makala zake hazina soko.

KalamuKavu

Afadhali wewe umeibiwa. Mimi nimehaririwa.

Kuna tovuti moja inayojifanya inalipa waandishi, wazoefu mnaijua. Nimewapelekea makala ya faharasa za hifadhidata ya Postgres. Nimeanza na swali linalochelewa, na EXPLAIN ANALYZE yake inaonyesha Seq Scan, yaani jedwali zima linasomwa, msomaji aone tatizo kwa macho kabla sijamwambia kitu. Mhariri kafuta yote! Kaanza na "Katika dunia ya leo inayobadilika kwa kasi, data ni muhimu sana." Mimi nimeandika kwamba ukiizungushia safu LOWER() ya kugeuza herufi kuwa ndogo, ile faharasa ya kawaida haitumiki, utengeneze faharasa ya LOWER() yenyewe. Yeye kaona sentensi ndefu, kaifupisha: "Faharasa hutumika daima." Jina langu liko juu, picha yangu iko juu. Watu wamekuja kunifundisha kazi yangu kwenye maoni, na ninavyojitetea ndivyo ninavyoonekana mbishi.

SinaKaziNinaBando

Walikulipa?

KalamuKavu

Waliniambia malipo ya kwanza ni kujulikana.

Mkuu_wa_Seva

Si umejulikana sasa.

MamaLinux

Nyote mna bahati, nyinyi mmeonewa na binadamu. Kero yangu mimi ni hawa wanaomwaga makala za mashine. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya programu, walipiga marufuku majibu ya ChatGPT tangu Desemba 2022, sisi huku bado tunapeana beji za "mwandishi hodari". Nimesoma moja inamwelekeza msomaji asakinishe kifurushi cha npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, ambacho hakipo. Hakipo kabisa! Na hapo mtu mbaya akikiwahi hilo jina akajaza uchafu wake, waliofuata makala wote wamekwisha. Chini kuna vijana wanasema "asante mkuu, imenisaidia sana". Imewasaidia nini? Hamkuijaribu!

KalamuKavu

Na zote zina vichwa vya habari vya "Mwongozo Kamili".

MamaLinux

Na mwisho "Hitimisho". Usiniamshe.

ChapaKazi

Isije ikawa hata mwenye uzi ile makala kaandikiwa na mashine, sasa wezi wawili wanagombea.

BintiKisauni

Wewe ChapaKazi chunga ulimi. Mashine gani yajua mama amekasirika? Kila neno nimeliandika kwa vidole hivi. Kipande kimoja tu cha base64 nilikitoa Stack Overflow, na pale chini kuna kiungo na jina la aliyejibu, kama leseni yao ya CC BY-SA inavyotaka. Mtu nisiyemjua, wala hatanijua, nimemwandika jina lake! Kumbe kumwandika mtu jina ni kazi ngumu? Na huyu wenu nimempa kiungo mkononi, kisha anijibu "asante kwa kusoma". Kusoma nini? Makala yangu? Mimi ndiye niliyeiandika!

ChapaKazi

Basi dada, tumeelewa. Endelea kujifunza 😂

Mkuu_wa_Seva

ChapaKazi toka nje ya uzi.

Mgeni07

Samahanini wakuu, naona hapa kuna wajuzi wa M-Pesa. Nimefuata makala moja neno kwa neno, iko pale juu kabisa ya jumuiya. Mara inakubali, mara inaniambia vitambulisho si sahihi. Sijabadilisha chochote. Nimechoka.

FundiNyaya

Bandika sehemu ya ombi. Usiweke passkey.

Mgeni07

```
Password: base64(namba + passkey + saa_ya_sasa())
Timestamp: saa_ya_sasa()
AccountReference: "MAMAZUHURA"
```

Mkuu_wa_Seva

HAHAHAHA Mama Zuhura kafika mpaka huku!

BintiKisauni

Mwaona? MWAONA? Hiyo ndiyo sehemu aliyoigusa yeye! Yangu yasema muda uuchukue mara moja, uuweke pembeni, uutumie kote kuwili. Yeye auita mara mbili. Sekunde ikigeuka katikati, nywila ina muda wake na ombi lina wake, lazima ikataliwe! Mtoto wa watu kahangaika bure. Mwizi awafundisha watu kukosea, na wa kuendelea kujifunza ni mimi!

Mgeni07

Sijaelewa, mwizi gani tena? Ila nimefanya hivyo na imekubali kila mara. Shukrani sana dada. Sasa meseji ya PIN inakuja, nalipa, lakini jibu halirudi kwenye seva yangu.

FundiNyaya

CallBackURL, anwani ya kupokelea jibu, umeandika nini?

Mgeni07

http://localhost:8000/jibu

KalamuKavu

Jamani.

FundiNyaya

Hiyo localhost ni kompyuta yako ikijiita yenyewe. Seva zao zitakufikiaje? Inatakiwa anwani inayofikika kutoka nje, na iwe HTTPS. Kwa majaribio tumia ngrok, inaipa kompyuta yako anwani ya nje.

MamaLinux

Kila siku ngrok! Mfundisheni cloudflared, kazi ni ile ile.

Wakili_wa_Terminali

Mgeni anayeanza unampa cloudflared? Ngrok ni amri moja.

MamaLinux

Na cloudflared ni amri moja. Umeijaribu, au umeisoma kwenye makala ya yule bwana?

SinaKaziNinaBando

Kuhusu mbaazi bado sijajibiwa.

BintiKisauni

Za nazi. Notisi nimeshaituma kwa wanaohifadhi tovuti, kama FundiNyaya alivyosema. Nikijibiwa nitawaambia.

KalamuKavu

Ukipata ule mfano wa notisi nirushie na mimi, nione kama naweza kumtoa mhariri wangu.

FundiNyaya

KalamuKavu, wewe uliwapa kwa hiari yako. Soma mkataba uliokubali ulipojisajili.

KalamuKavu

Kulikuwa na mkataba?

Mgeni07

Wakuu, ngrok imefanya kazi, jibu linakuja, ResultCode 0. Mungu awabariki. Tatizo moja la mwisho: namba yangu inafanya kazi, ya kaka yangu inagoma.

Wakili_wa_Terminali

Umeanza na 07. Anza na 254, bila alama ya kujumlisha.

Mgeni07

Nimeanza na 254. Yake ni 25473 na kuendelea.

FundiNyaya

Kaka yako anatumia mtandao gani?

Mgeni07

Airtel.