Mjadala: Je, daftari la mgonjwa liondolewe na kompyuta ichukue nafasi yake?

Mtoa hoja, Jinja:

Katika vituo vingi vya afya vya serikali hapa Uganda, mgonjwa hununua daftari la shule, tabibu akaandika humo ugonjwa, majibu ya maabara na dawa, kisha mwenyewe akarudi nalo nyumbani. Wapo wanaotaka daftari hilo lifutwe, kwa kuwa hulowa, hupotea na husomwa na jirani. Mimi naunga mkono kompyuta, ila kwa sharti kwamba kila mhudumu apewe kwanza nenosiri lake peke yake.

Nimeona kliniki ambayo nenosiri moja lilibandikwa kando ya skrini, likitumiwa na muuguzi, karani wa mapokezi na hata wanafunzi waliokuja kwa mazoezi. Daftari likiibwa, siri iliyotoka ni ya mtu mmoja. Kompyuta ile ikifunguliwa, mtaa mzima uko wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa data za aina ya pekee, inampa mtu haki ya kuuliza ni nani wengine waliozipata, na anayezifichua kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10. Lakini wote wakiingia kwa jina moja, mgonjwa atajibiwa nini, na mahakama itamtia nani hatiani?

Muuguzi, Arua:

Ndugu, usiku huwa niko zamu peke yangu. Akiletwa mama anayetokwa damu, hajitambui, na faili lake limefungwa kwa nenosiri la daktari aliyekwisha kwenda kwake, nifanye nini? Tena umeme ukikatika, ni daftari hilohilo linalonieleza alipewa dawa gani. Nikuongezee jambo ambalo wanaozungumzia kompyuta hulipita haraka: siri nyingi hazivujii kwenye mashine. Rejesta huachwa wazi mezani, majina huitwa kwa sauti, na wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi wakipangiwa siku yao na dirisha lao, kila apitaye amekwisha kujua. Wapo wanaoamua kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, nauli ikiwashinda wanaziacha.

Mtoa hoja, Jinja:

Dada, kuhusu dharura, mfumo umruhusu aliye zamu kufungua faili lolote kwa nenosiri lake mwenyewe, aandike sababu, na msimamizi aikague asubuhi. Kuhusu daftari na dirisha umenirekebisha, nami nabadili hoja yangu: daftari libaki mkononi mwa mgonjwa, kompyuta iwe nakala ya kituo, na wagonjwa wote wachukue dawa dirisha moja, waitwe kwa namba. Kinachobaki kujadiliwa ni gharama. Kituo kidogo cha kijijini hakina fundi wa kompyuta. Je, aajiriwe na wilaya, au wizara itume mmoja wa kuzunguka vituo kadhaa?