Kiti cha abiria kinamhesabu mtu mzima kama mtoto: nianzie wapi kutafuta hitilafu?

Muulizaji, Columbus, Ohio

Salaam wakuu. Ninatumia gari dogo la mwaka 2012 lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, na kwa wiki tatu sasa kiti cha abiria wa mbele kinanisumbua. Mke wangu, mwenye kilo 61, akikaa na kufunga mkanda, ile taa ya manjano ya katikati ya dashibodi inayoeleza kwamba eabegi (mfuko wa hewa wa kinga wakati wa ajali) ya abiria imezimwa huendelea kuwaka. Nikikaa mimi, mwenye kilo 84, mfumo unaniona kama kawaida na taa hiyo inazimika. Siku nyingine taa nyekundu ya mfumo mzima wa eabegi nayo huwaka, kisha kesho yake haipo.

Fundi mmoja amenishauri kwa simu nikate nyaya mbili zilizo chini ya kiti na kuziunganisha kwa rezista ndogo (kipande kinachozuia sehemu ya umeme), akisema taa zote zitazimika. Nimesita, kwa sababu mwanangu wa miaka minane naye hupenda kukaa mbele. Je, ushauri huo una usalama? Na kama hauna, nianze kupima nini kabla ya kununua kifaa chochote?

Fundi umeme wa magari, Tanga

Ndugu, umefanya vyema kusita, na nakuomba usikate waya wowote. Nadhani najua ushauri huo umetoka wapi. Magari mengi yaliyotumika Japani ninayoyapokea hapa karakana, kiti cha abiria ama hakina kihisi (kifaa kinachotambua kama kuna mtu) kabisa, ama kina mkeka mwembamba ndani ya sponji ambao kazi yake ni moja tu: kupiga kengele abiria asipofunga mkanda. Mkeka huo ukichoka, kengele hulia hata ukiwa umeweka mfuko wa vitunguu, na ndipo watu walipozoea kuudanganya kwa rezista au kuuchomoa. Hata hilo silipendi, lakini angalau eabegi hubaki na uamuzi wake.

Gari lako ni jambo jingine. Marekani iliweka sharti, lililoanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2003 na kuyafikia magari yote mapya ya abiria mwaka 2006, kwamba eabegi ya mbele isimdhuru mtoto wala mtu mwenye umbo dogo. Watengenezaji wengi walitimiza sharti hilo kwa kukifanya kiti kipime uzito: majaribio hutumia midoli yenye ukubwa na uzito wa binadamu, ya kuanzia mtoto wa mwaka mmoja hadi wa miaka sita, ambao eabegi inapaswa kuzimwa akiwa amekaa, na mwanamke mdogo wa karibu kilo 49, ambaye eabegi inapaswa kuwa tayari kwa ajili yake. Ukiweka rezista, kompyuta itasoma uzito uleule siku zote, awe amekaa mkeo, mwanao, au kiti kikiwa kitupu. Maana yake utakuwa umechagua mapema nani kati yao atakosa kinga, na hutajua ni yupi mpaka siku ya ajali. Mtoto wa miaka minane, kwa vyovyote vile, akae kiti cha nyuma.

Sasa nijibu maswali mawili. Je, kiti hicho kimewahi kufunguliwa siku za karibuni? Na je, kuna kitu chochote chini yake au kwenye mfuko wa nyuma ya mgongo wake?

Muulizaji

Ahsante sana, mkuu. Chini ya kiti hakuna kitu. Ila kweli kilifunguliwa: miezi miwili iliyopita maziwa yalimwagika, tukakitoa kiti ili kuosha zulia, kisha tukakirudisha wenyewe.

Fundi wa karakana, Minneapolis

Nami niongezee, kwa kuwa magari ya namna hii ndiyo ninayoyashughulikia kila siku. Kwanza tambua aina ya mfumo wako. Baadhi ya magari yana mfuko wa majimaji chini ya sponji na kihisi kinachopima shinikizo lake. Mengine yana vihisi vinne vya uzito, kimoja kwenye kila kona, kati ya kiti na reli zake. Ukichungulia kwa tochi na kuona vipande vya chuma vyenye waya kila kona, una aina hii ya pili, na kwa aina hii kukitoa na kukirudisha kiti peke yake kunatosha kuharibu hesabu.

Tafuta mashine ya kupimia inayoweza kuongea na kompyuta ya eabegi. Vile vifaa vya bei rahisi mara nyingi husoma kodi (alama za hitilafu) za injini tu, zile zinazoanza na herufi P, ilhali za kiti huanza na B, au U iwapo mawasiliano kati ya kompyuta yamekatika. Kabla ya yote hakikisha betri ina nguvu, maana volti zikishuka huzaa kodi za uongo ambazo zitakupotezea siku nzima.

Kisha usikimbilie kodi. Kwenye mashine hiyo fungua ukurasa wa namba zinazotembea, yaani zinazobadilika papo hapo. Gari likiwa mahali tambarare na kiti kikiwa kitupu, andika uzito wa kila kona. Halafu mkeo akae, miguu sakafuni, uandike tena. Usitarajie kilo 61 kamili, kwa sababu sehemu ya uzito wake inabebwa na miguu. Kinachotafutwa ni kona inayokwenda kinyume na wenzake. Mwisho, sogeza kiti polepole mbele na nyuma huku mtu akitazama skrini: namba ikiruka ghafla mahali palepale kila mara, hapo pana waya unaovutwa au kukwaruzwa na reli.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: plagi za manjano ni za eabegi zenyewe. Usizichokonoe kwa multimita (kipima umeme). Ukitaka kuchomoa chochote chini ya kiti, zima gari, toa kichwa hasi cha betri, na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Mimi sishuki chini ya dakika tatu.

Muulizaji

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimeazima mashine kwa jirani. Ni vihisi vinne. Kiti kikiwa kitupu, kona tatu zinasoma karibu na sifuri, lakini kona ya nyuma kulia inasoma kilo 22 chini ya sifuri. Mke wangu akikaa, jumla inakuja kilo 24.

Fundi wa karakana, Minneapolis

Hapo jibu limejitokeza. Kihisi hicho huenda ni kizima kabisa. Kinachokionea ni chuma kinachokivuta. Ukiziongeza zile kilo 22, mkeo anasoma 46, ambayo ni namba ya haki kwa mtu wa kilo 61 aliyekaa. Usinunue kihisi. Legeza bolti zote nne za sakafuni, inua kila mguu wa reli na uangalie chini yake. Kisha zikaze zote kwa mkono kwanza, halafu umalizie kwa spana ya kupimia mkazo kwa mpangilio na kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Baada ya hapo agiza mashine iweke sifuri upya kiti kikiwa kitupu, na usimwache mtu wala koti juu yake. Kwa magari kadhaa utaratibu unataka pia uweke mzigo wa kilo 30 juu ya kiti, na kompyuta isome kati ya 27 na 33.

Muulizaji

Nimekuta kipande cha zulia, unene wa kidole, kimejikunja chini ya mguu wa nyuma wa kulia. Kilikuwa kimebanwa hata kikang'aa kama ngozi. Nimekitoa, nimekaza kama ulivyoelekeza na kuweka sifuri upya. Kiti kitupu sasa kinasoma sifuri, mfuko wa mchele wa kilo 30 umesoma 29, na mke wangu anasoma 47. Taa ya manjano inazimika mara tu anapokaa.

Taa nyekundu bado. Nilipokisogeza kiti, namba ya kona ya mbele kushoto ilipotea kila kilipofika karibu na mwisho wa reli. Nimeona ala ya waya imechunika hapo, na ndani ya fungu hilohilo la nyaya zimo nyaya za manjano, kwa hiyo sitaligusa. Nimeweka miadi Jumatano kwenye karakana yenye kitabu cha mtengenezaji, na hadi hapo mke wangu atakaa nyuma pamoja na mtoto.

Fundi umeme wa magari, Tanga

Uamuzi mzuri, ndugu. Wape ile karatasi ya namba zako, pamoja na mahali hasa kwenye reli ambapo usomaji hupotea. Utawaokolea saa nzima ya kutafuta. Waambie pia waweke sifuri upya wakimaliza, kwa sababu watalazimika kukitoa kiti.