Asahi Shimbun na "ushahidi wa Yoshida": ni Yoshida yupi?

Swali
Ndugu wanajamvi, kila ninaposoma kuhusu gazeti la Asahi Shimbun la Japani naambiwa kwamba mwaka 2014 lilifuta habari zake kwa sababu ya ushahidi wa Yoshida. Pengine Yoshida huyo anawazungumzia wanawake wa Korea waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani, pengine ajali ya nyuklia ya Fukushima. Ni mtu mmoja kweli?

Jibu la 1
Ni wawili, wala hawahusiani. Yoshida Seiji alidai kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwakamata kwa nguvu wanawake wa kisiwa cha Jeju, Korea, na kuwapeleka katika madanguro ya jeshi. Asahi ilianza kumnukuu mwaka 1982, na Agosti 2014 ikakiri kuwa madai hayo yalikuwa ya uongo. Yoshida Masao ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha Fukushima Daiichi mwaka 2011. Mei 2014 gazeti liliandika, likitegemea maelezo aliyowapa wachunguzi wa serikali, kwamba asilimia 90 ya wafanyakazi, wapatao 650, walikaidi amri yake wakakimbilia kituo cha jirani. Maelezo kamili yalipotolewa Septemba, ilibainika kwamba hakuwalaumu hata kidogo. Rais wa kampuni ya Asahi, Kimura Tadakazu, aliomba radhi hadharani, na baadaye akaacha wadhifa wake.

Jibu la 2
Niongeze jambo ambalo wapinzani wa Asahi hulipita haraka: kuanguka kwa Yoshida Seiji hakukuangusha historia yenyewe, kwa kuwa wanawake walioteswa walijitokeza wakasimulia wenyewe, na tamko la mwaka 1993 la Kono, msemaji mkuu wa serikali wakati huo, ambalo serikali ya Japani ilikiri humo kuhusika kwa jeshi, halikujengwa juu ya maneno yake.

Jibu la 3
Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila kosa kubwa naliona katika kuchelewa. Mwanahistoria Hata Ikuhiko alikwenda Jeju mwaka 1992 asipate wa kuyathibitisha madai hayo, na bado gazeti likakaa miaka 22. Linganisha na mwaka 1989, mpiga picha wa Asahi alipochora herufi "KY" kwenye tumbawe la Okinawa kisha picha ikachapishwa kama ushahidi wa uharibifu wa watalii: wapiga mbizi wa huko walilalamika, na mwaka huohuo rais wa kampuni akajiuzulu. Tumbawe lilipata haki yake mapema kuliko watu wa Jeju.