Vakyumu "nyepesi" ya sakafu ngumu: wakuu, huo uzito walipima nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na mkono unaniuma, mnivumilie.

Nyumba yangu yote ni vigae, isipokuwa chumba kimoja cha mbao. Zulia sina, hata la kufutia miguu. Nilichotaka ni kimashine cha kuvuta vumbi kisicho na waya, nikitoe asubuhi, nipitishe dakika kumi, nikirudishe ukutani. Nikasoma maelezo ya mashine wiki mbili nzima. Nikachukua ile iliyoandikwa KILO 1.4 kwa herufi kubwa kuliko hata jina lake.

Nimefika nyumbani, nimeiunga, nimeiinua, nikajua papo hapo kwamba nimepigwa. Nikapanda nayo kwenye mizani, nikashuka, nikapanda peke yangu, nikatoa. Kilo 2.9. Nikarudia nikidhani nimekosea hesabu. 2.9.

Nikawaandikia wenye mashine yao. Jibu likaja la mstari mmoja: "Ndugu mteja, uzito uliotajwa ni wa kitengo kikuu." Yaani mota, betri na kikombe cha vumbi. Mrija haumo. Kichwa cha brashi hakimo. Sasa sakafu niifikie na nini, nipige magoti? Nikalirudia boksi: kweli kuna kanyota kadogo juu ya ile namba, na chini kabisa maelezo yake yameandikwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Na hata hizo 2.9 nisingelalamika kama zingekaa chini. Hizi mashine za fimbo, kama hii yangu, mota na betri viko juu, kiganjani. Kila ukisukuma, kifundo cha mkono ndicho kinachobeba. Lile dude la kuburuta la zamani ni zito kuliko hili, lakini uzito wake unatembea kwa magurudumu, wewe umeshika bomba tu. Mimi nililiuza kwa sababu eti zito! Halafu swichi ya hii ni ya kubana kwa kidole muda wote, ukiachia inazima. Na haisimami yenyewe. Juzi nimeiegemeza ukutani nihamishe kiti, ikateleza, ikatua chini kwa kishindo, kigae kimemeguka kona. Mke wangu akaja, akakitazama kigae, akaitazama mashine, akaenda zake. Afadhali angesema.

Tuje kwenye sakafu yenyewe, maana hapa ndipo walinimaliza. Boksi linasema "kwa sakafu zote". Brashi ya ndani ni ile ya nywele ngumu, inazunguka kwa kasi kubwa. Kwenye zulia ina kazi, inachokonoa nyuzi vumbi litoke. Kwenye kigae hakuna cha kuchokonoa, kwa hiyo inapiga mchanga kama mpira. Nusu unaingia, nusu unarushwa nyuma unanigonga miguuni. Mbele nako, kichwa kimebana chini ili kivute vizuri, basi kila chenye ukubwa wa punje kinasukumwa mbele kama greda linavyosukuma kifusi. Unafika mwisho wa chumba, umekusanya kilima kizuri kabisa kando ya ukuta. Na pale ukutani kenyewe hakafiki, kuna upana wa kidole hakagusi.

Nikaenda kwenye chumba cha mbao nikiwa peku, maana unyayo haudanganywi. Changarawe tupu. Na mchanga una madini ya kwarizi (quartz), ambayo ni ngumu kuliko hata kioo, seuze vanishi. Brashi inausugua juu ya mbao, vigurudumu vya plastiki ngumu vinaukanyagia. Ukiinama dhidi ya mwanga wa dirisha unaona mikwaruzo midogo midogo inafuata njia niliyopita. Swichi ya kuzima brashi? Haipo. Ukiwasha mota, na brashi imewaka.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba sakafu ngumu inataka rola laini, ile nene yenye manyoya kama ya kupakia rangi, inayogusa kigae chote na kubeba hata vumbi la unga. Au kichwa cha kawaida kisichozunguka, chenye nywele laini pembeni na uwazi mbele. Hiki cha pili hakina hata mota yake, ni plastiki na nywele basi. Kingewashinda nini kukitia ndani ya boksi?

Kuhusu nguvu sasa. Wati zile zinakuambia mota inakula umeme kiasi gani, hazisemi inavuta kiasi gani. Kilopaskali, kipimo cha nguvu ya kuvuta, zinapimwa mdomo ukiwa umezibwa kabisa, hewa haipiti. Nani anafagia mdomo umezibwa? Kwenye kigae kinachobeba vumbi ni hewa inayopita, hiyo nguvu ya kuvuta inakusaidia kwenye mifereji kati ya kigae na kigae. Wati za hewa ndizo zinazounganisha vyote viwili, na ndizo sikuziona popote kwenye boksi langu.

Msidhani ni mimi tu mlalamishi. Umoja wa Ulaya ulikuwa na lebo ya matumizi ya umeme kwa mashine hizi tangu Septemba 2014. Dyson, kampuni inayotengeneza mashine hizi, wakaenda mahakamani wakisema mashine zinapimwa zikiwa tupu, hazina vumbi ndani, wakati nyumbani hakuna anayefagia hivyo. Novemba 2018 mahakama ya Umoja huo ikaifuta lebo. Mashine inayovuta vumbi, ilipimwa bila vumbi ndani!

Ya kwangu ikiwa tupu nayo ni simba. Kikombe ni cha nusu lita, kikifika nusu, kichujio kimeshavaa koti la vumbi na sauti ya mota imepanda kama inalia. Unakiosha, kitabu kinasema kikauke saa 24. Kichujio cha akiba hawakuweka, kwa hiyo kila siku ya kuosha ni siku ya fagio. Na habari ya HEPA, kile kichujio cha kunasa vumbi laini kabisa, usiniambie; hewa yangu inatoka kwenye maungio ya kikombe, haijapita kwenye kichujio chochote.

Dakika 45 za chaji walizoandika ni za mwendo wa chini kabisa, brashi ikiwa imetolewa. Nimeshika saa: na kichwa chake, 18. Kwenye kitufe cha nguvu zote, 7. Nazo ni za betri mpya. Betri ya lithiamu uwezo wake unapungua kadiri unavyochaji, na hii betri imefungiwa ndani kwa skrubu za pembe tatu, ikichoka na mashine imekufa nayo.

Kwa hiyo ukiweka pamoja: uzito ni wa mashine isiyo na mrija, dakika ni za isiyo na brashi, nguvu ni za isiyopitisha hewa. Hiyo mashine wanayoiandika mimi sijauziwa.

Walioniuzia wamekataa niirudishe, wanasema haina kasoro, inafanya kazi "kama ilivyoundwa". Hapo nakubaliana nao.

Nauliza sasa, na naomba wenye hizo mashine wajibu, si wauzaji. Kuna mwenye ya fimbo yenye rola laini, brashi inazimika, betri inachomoka, magurudumu ya mpira? Au niache betri nichukue ile ya waya yenye mota chini karibu na sakafu? Waya sitaogopa tena. Ila ukitaja uzito, panda nayo kwenye mizani kwanza, na mrija wake na kichwa chake, ndiyo uje uandike.