Hosteli, geto au kwa mjomba? Naanza mwaka wa kwanza Mlimani

MtotoWaKahama
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nimechaguliwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, natokea Kahama, Dar sijawahi kumaliza hata wiki. Nina njia tatu: hosteli ya chuo kama jina litatoka, kupanga geto Changanyikeni na jamaa niliyemaliza naye kidato cha sita, au kwa mjomba Mbagala, bure. Mama anataka kwa mjomba. Mliopitia haya nisaidieni.

KondaMstaafu
Mbagala? Dogo, huko ni kukatiza jiji zima. Ukiwa na kipindi cha saa moja asubuhi, utaamka saa kumi. Na kwa mjomba hakuna bure: utafunga duka, utasomesha watoto hesabu, ukichelewa diskasheni utaulizwa ulikuwa na nani. Nenda Jumapili ukale pilau, urudi.

DadaWaDabodeka
Mimi nasema hosteli. Jina likitoka lipia siku hiyo hiyo, usisubiri bumu (ile pesa ya kujikimu ya mkopo). Zile za Magufuli zilizofunguliwa 2017 ni majengo 20 ya watu 3,840. Unaweza kudhani nafasi ni bwerere, ila wanaozitaka ni wengi mno. Ukipangiwa Mabibo, jua iko nje ya kampasi, kwa hiyo weka nauli kwenye hesabu.

Sasa kuhusu rumeti. Mimi nilisoma chuo kingine. Kwenye karatasi tulikuwa wanne, usiku tunalala saba, maana watatu walikuwa wamebeba wenzao, yaani wanalala kitanda kimoja na mtu asiye na chumba. Mmoja alikuwa na jiko la koili chini ya kitanda. Saa sita usiku, kesho yake tuna test, yeye anakaanga dagaa! Umeme ukakatika ghorofa nzima na harufu ikabaki kwenye shuka zangu wiki. Nilinuna siku tatu, haikusaidia kitu. Siku ya nne nikamwambia waziwazi. Tukakubaliana taa izimwe saa sita, anayetaka kukesha na madesa (notsi) atoke, na kila mtu aandike jina kwenye ndoo yake kwa rangi ya kucha. Ndoo ziliacha kutembea. Dagaa hawakuacha, ila walihamia mchana, na mimi nikawa mlaji mkuu.

Geto_Namba7
Nikupe hesabu ya geto. Mwenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anachukua ya mwezi mmoja, hapo hujanunua godoro wala mtungi wa gesi. Luku mnachangia na wapangaji wengine na kuna mmoja ana friji. Bumu ni 10,000 kwa siku tangu 2022 (sisi tulikula 8,500), lakini haliji kila siku, linakuja kwa mkupuo na kuondoka vivyo hivyo.

Uzuri wake ni utulivu, na unapika unachotaka. Ila huyo jamaa yako unamjua darasani tu, au umeshakaa naye ndani? Wangu mwezi wa pili alihamia kwa mpenzi wake, akarudi kudai nusu ya kodi aliyokwisha kuilala. Hosteli ukichokana na mtu unaomba ubadilishiwe chumba. Hapa mkataba una majina mawili.

KondaMstaafu
😂😂 Kodi aliyoilala!

MtotoWaKahama
Nimewaelewa. Na jina lisipotoka, kubebwa kukoje?

DadaWaDabodeka
Kwetu ilikuwa kosa. Mkikamatwa, aliyekubeba naye anapoteza kitanda. Na mnalala mzungu wa nne, unaamka na kisigino cha mtu puani. Wiki mbili za kutafuta chumba sawa, muhula mzima hapana.

Geto_Namba7
Likikosekana, pangeni, lakini muombeni mwenye nyumba miezi mitatu kwanza. Wapo wanaokubali mkienda wenyewe bila dalali.

MtotoWaKahama
Asanteni sana. Nimempigia mama. Anasema mjomba keshanunua kitanda.

KondaMstaafu
Mwambie akipeleke Changanyikeni.