Watoto wa alovera na sneki planti: wanatenganishwa lini, na maji lini?

jani_nene
Wakuu habari za humu. Nina alovera imejaza watoto mpaka chungu hakitoshi, wengine wadogo kabisa wengine wamefika robo ya mama yao. Nataka kila mmoja nimpe chungu chake ila kila ninayemuuliza ana lake, huyu mwagia maji siku hiyohiyo yule usiguse maji wiki nzima, nimuamini nani? Pia nina sneki planti, ile ya majani marefu magumu yaliyosimama wima, yenye kingo za njano, nikikata jani nikalipanda nitapata nyingine ya njano? Na ile dungusi kakati ya kichwa chekundu juu ya shina la kijani imetoa vimpira pembeni, vinapandwa?

mama_vyungu
Hao wadogo waache kwanza bado wananyonya. Subiri wafike robo mpaka theluthi ya mama na wawe na mizizi yao wenyewe, hapo ndo pa kuangalia kuliko ukubwa. Usivute kutokea juu utabaki na majani mkononi, toa mmea mzima, kung'uta udongo uone mtoto kashikana wapi na mama alafu kata hapohapo kwa kisu kikali ulichokipangusa na spiriti. Weka kivulini penye hewa siku 2 mpaka 5 kidonda kifanye gamba, ndo upande, na maji subiri kama wiki. Kidonda kibichi kwenye udongo uliolowa ndo njia ya ukungu, mtoto anaoza kuanzia chini wewe unaona majani bado mazima. Kiu haimuui haraka, maji anayo kwenye majani.

changarawe
Mama_vyungu uko sahihi ila hiyo wiki isiwe amri. Mtoto aliyetoka na mizizi ya kutosha na kajeraha kadogo mi nampanda mapema kwenye udongo mkavu, siku chache namwagia, anaendelea vizuri tu. Asiye na mizizi ndo wa kusubiria. Kinachoua zaidi ni udongo mzito na chungu kikubwa, watu wanampa mtoto chungu cha mama yake eti atakua, sasa mizizi miwili itanyonya saa ngapi maji yote hayo? Chungu kidogo chenye tundu chini, nusu udongo nusu changarawe ndogo au mchanga mnene, ila wa baharini hapana, una chumvi.

kijani_tupu
Nijibu hizo mbili zilizorukwa. Sneki planti ukipanda kipande cha jani kitaota ndio, ila machipukizi yatatoka kijani bila njano, maana ile njano iko kwenye tabaka moja tu la jani na chipukizi jipya linaanzia tabaka lingine. Ukitaka njano ibaki subiri mtoto atoke ardhini umkate na kipande cha shina lake la chini. Na usikipande kipande cha jani kichwa chini, hakitoi mizizi upande huo.

Vile vimpira vyekundu usihangaike navyo. Havina ile rangi ya kijani ya kutengenezea chakula, vinalishwa na shina la chini ambalo ni kakati nyingine kabisa, kichwa chekundu kimebebeshwa tu pale, yaani kimekatwa kwingine kikaunganishwa juu yake. Ukivipanda kwenye udongo vinakufa, labda na wewe uvibebeshe kwenye shina la kijani.

jani_nene
Asanteni sana, kumbe kile chekundu ni mgeni pale juu 😂 Swali la mwisho, nikishampanda nitajuaje ameshika? Na jua je?

mama_vyungu
Jua kali hapana mwanzoni, mwanga wa kutosha tu. Alovera ikianza kuwa ya kahawia au nyekundunyekundu usikimbilie maji, mara nyingi ni jua limezidi au bado inazoea. Ukitaka kujua kama ameshika mvute kidogo sana, akigoma kuja ana mizizi. Sio kila siku lakini, utamng'oa.